Vimstari vya Mwambani

Sogeeni karibu. Leo sina jibu la kuwapa. Nina swali tu, na nitalitembeza taratibu mpaka lifike mikononi mwenu.

Walikuwapo watu watatu, wazaliwa wa Matongolo, walioondoka kijijini wakajifunza kazi mbali.

Mwaja alijifunza herufi. Alipanga kurasa katika kiwanda cha kuchapa vitabu, na alizijua alama zote, kubwa na ndogo, kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Ukimwonyesha nusu ya herufi, alikutajia nusu iliyobaki.

Mazoya alijifunza dunia. Alizunguka na wapima ardhi, akajua kwamba kila mahali pana anwani yake: digrii kadhaa kutoka Ikweta, kila digrii ikiwa na dakika sitini, kila dakika ikiwa na sekunde sitini. Ukimpa anwani, alikupeleka mpaka mlangoni, hata kama mlango wenyewe haupo.

Ndahani alijifunza kujenga. Alikuwa mwashi wa shule ya zamani, anayepima kwa futi na inchi. Alitazama ukuta akakwambia urefu wake, na kipimo kilipoletwa kumkagua, kilimuunga mkono.

Sasa Matongolo yenyewe. Kijiji hiki kimekaa kando ya korongo linaloshuka kutoka kaskazini kwenda kusini, pana, la mchanga mtupu, lenye maji wakati wa mvua tu. Mwaka ninaousimulia, pampu ya kijiji ilitoa matope, kisha ikatoa upepo. Watu walianza kufunga mizigo. Kaya zilizokuwa na ng'ombe zilikuwa zimeshaondoka.

Lakini kila mtu alijua kwamba kuna kisima kingine. Mchimba visima mmoja wa zamani, aliyewahi kufanya kazi na wapima ardhi, alikichimba, kikatoa maji matamu, halafu mafuriko yalipokaribia akakifunika kwa bamba la jiwe ili kisijae mchanga. Mafuriko yakapita na kusawazisha kila kitu. Kabla hajafa, mzee yule alichonga maandishi kwenye mwamba ulio kando ya kijiji, akasema, "Mkihitaji maji, someni." Mvua zikawa nzuri miaka mingi, hakuna aliyehitaji, hakuna aliyesoma. Watoto waliugeuza mwamba kuwa mahali pa kutelezea. Wakateleza, wakazaa watoto walioteleza, na makalio ya vizazi viwili yakafuta sehemu ya maandishi. Yaliyobaki yalikuwa haya:

NG′ . . . . 6° 2′ 40″ . . . . 30′

Matongolo ni watu wa mifugo. Waliona NG na kimstari juu yake, wakasema kwa pamoja, "Ng'ombe!" Wakaenda kuchimba katikati ya zizi kuu. Wakapata samadi, kisha mawe, kisha samadi ya zamani zaidi. Mwalimu akautazama mwamba akasema kimstari ni alama ya dakika, kwa hiyo 30′ ni mwendo wa nusu saa. Wakatembea nusu saa kila upande, bila kuvuka korongo. Wenye miguu mirefu wakachimba mbali, wenye miguu mifupi wakachimba karibu, na wote wakarudi na vumbi.

Ndipo Bi Nyemo, mwenyekiti wa kijiji, alipowaita wale watatu warudi nyumbani. Akawaambia mbele ya watu wote: "Mnaijua desturi yetu. Anayefungua kisima ndiye mwenye ndoo ya kwanza. Kila alfajiri, kabla maji hayajavurugwa, anachota yeye, na akifa mwanawe, kisha mjukuu wake. Ndoo ni moja na mkono ni mmoja. Haya, someni."

Mwaja alipiga magoti. Alipapasa mwamba kwa kidole, pale palipofutika, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Huyu anausoma au anaukanda?" Ndahani akauliza.

"Nyamaza, kaka. Mikono yako imezoea saruji, haiwezi kusikia hiki." Mwaja akaendelea kupapasa. "Kwenye karatasi ningezitenganisha alama hizi mara moja. Ritifaa, ile ya sauti ya ng', ina kichwa na mkia uliopinda. Alama ya kipimo ni kimstari kilichonyooka, kimeinama tu. Lakini tindo haijui kupinda, kwa hiyo hapa zote zimefanana. Hii ya kwanza haipimi kitu. Ni ritifaa, ni sauti."

"Hilo tunalijua," mtu akasema nyuma. "Ng'ombe!"

"Mngekuwa mmelijua msingechimba zizini. Baada yake kuna miguu miwili iliyoachana, hiyo ni A. Kisha miguu miwili iliyosimama, M. Ng'ombe ana O hapo. Hili ni neno *ng'ambo*."

Watu wote waligeuza shingo, wakatazama upande wa pili wa korongo. Hakuna aliyekuwa amewaza kuchimba kule. Tangu pampu ikauke, kila shimo lilikuwa upande huu.

Walivuka. Lakini ukingo wa ng'ambo ni mrefu kuliko jicho, unatoka vilima vya kaskazini na kupotelea nyika ya kusini. Uchimbe wapi? Sasa Mazoya akatoa kifaa chake cha wapima ardhi.

"Kakopo kako kanaongea na nani?" Ndahani akauliza.

"Kanaongea na setilaiti, mjomba. Wewe kaongee na matofali yako." Mazoya akawageukia watu. "Mwalimu alikuwa karibu kupata. Kimstari hiki cha katikati kweli ni dakika, ila si ya saa, ni ya dunia. Kinafuata digrii, na baada yake kuna vimstari viwili, ndizo sekunde. Digrii sita, dakika mbili, sekunde arobaini, kusini mwa Ikweta. Huo ni mstari unaokata korongo kutoka mashariki hadi magharibi. Ukitembea ukingoni utaukanyaga mara moja tu."

Akaanza kutembea kuelekea kusini, macho kwenye kifaa, kijiji kizima nyuma yake. Aliposimama, wote walisimama. Akachomeka kijiti ukingoni.

"Kisima kiko kwenye mstari huu," akasema. "Na kile cha mwisho, 30′, nacho ni dakika. Dakika thelathini za dunia ni..." Akahesabu, uso ukambadilika. "Ni mwendo wa siku nzima na zaidi kwa miguu."

Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo akaiweka chini, akaikalia.

Ndahani akacheka mpaka akashika magoti. "Mzee wa watu achimbe kisima chetu huko kwa wenyewe? Mazoya, mzee yule hakuwa rubani wa ndege. Alikuwa fundi. Na fundi akichonga kimstari juu ya namba, ikasimama peke yake, haina digrii mbele, haina sekunde nyuma, anasema futi. Futi thelathini."

"Kutoka wapi?" Bi Nyemo akauliza.

"Kutoka ukingoni, mama. Ukichimba karibu zaidi, korongo likijaa linakula kisima chako. Fundi yeyote wa visima hupima kutoka ukingoni kwenda upande wa kichakani."

Akafungua kipimo chake pale kwenye kijiti cha Mazoya, akakivuta kuelekea kichakani, akasimama, akachora duara kwa kisigino. Wakachimba hapo. Hawakupata kitu. Wakalipanua shimo kidogo kuelekea kaskazini, na jembe likalia kwenye jiwe.

Waling'oa bamba. Hewa baridi ikawapiga usoni. Mtoto akatupa kokoto, na wote wakasikia jibu la maji.

Mlijua kelele zingefuata, nazo zilifuata. Jioni ile walikunywa watu, wakanywa mbuzi. Asubuhi mapema watu walipanga foleni na vyombo vyao, lakini hakuna aliyesogea, kwa sababu ndoo ya kwanza ilikuwa bado haina mwenyewe.

Mwaja akasema, "Bila mimi mngekuwa bado upande ule, mnachimbua samadi. Mimi ndiye niliyewavusha."

Mazoya akasema, "Ungewavusha kwenda wapi, dada? Ukingo hauna mwisho. Mimi ndiye niliyesema, hapa."

"Ukasema hapa, kisha ukataka kutupeleka safari ya siku nzima," Ndahani akajibu. "Mimi ndiye niliyesimama juu ya maji."

"Baada ya kuchimba pasipo!"

"Hatua chache tu! Kijiti chako ndicho kilichopinda!"

"Kila mmoja wenu alisoma kimstari kimoja," Mwaja akasema, "na mimi nimesoma neno."

"Neno la kimstari kimoja," Mazoya akamkumbusha.

Mtu wa kwenye foleni akapaza sauti, "Wapeni zamu!" Bi Nyemo akatikisa kichwa. Kisima cha babu zao kilikuwa na zamu, na ulipofika ukame kila nyumba iliapa kwamba alfajiri ile ni yake, wakavunjiana mitungi, wengine wakavunjana mikono. Ndiyo maana ndoo ikawa ya mkono mmoja. Mwingine akasema apewe mwenye shida zaidi. Bi Nyemo akakataa tena: "Hii si sadaka. Ni haki ya aliyefungua kisima. Niambieni nani alikifungua."

Jua lilikuwa limeshachomoza. Mbuzi walianza kusukumana. Bi Nyemo aliishika ndoo tupu kwa mpini wake, akawatazama wale watatu, na wale watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja.

Bi Nyemo akanyoosha mkono wenye ndoo kuelekea kwa mmoja wao.

Nanyi mlioko hapa, msiniulize ni yupi. Aliyewaambia ni upande gani, aliyewaambia ni mahali gani, au aliyewaambia ni umbali gani? Ndoo i mkononi mwako sasa, na foleni inangoja. Unampa nani?