Zawadi ya Mwantumu Semkiwa Hamduni

Hapo zamani, na zamani yangu mimi si ya mazimwi wala masultani, ni ya juzi tu, simu zilikuwa zimeshajua kusema. Kaeni vizuri. Wewe mwenye karanga, tafuna umalize sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kelele za maganda.

Palikuwa na watu watatu Ngamiani, mjini Tanga, kule ambako mitaa huitwa kwa namba: Barabara ya Saba, ya Nane, ya Tisa. Wote watatu hawaoni, na wote watatu ni marafiki wa kugombana kila siku ya Mungu.

Wa kwanza Bi Mwantumu, mkandaji wa wazazi. Kazi hiyo mnaijua. Mwanamke akijifungua, mkandaji humwendea kila asubuhi kumkanda kwa maji ya moto mpaka arobaini itimie, na siku haikatizwi hata moja. Mikono ya Bi Mwantumu ilisifiwa mji mzima. Shida ilikuwa kuifikisha. Alikaa barazani na kapu lake akingoja mtu wa kumshika mkono, na mtu mwenyewe bado anakoroma.

Wa pili Mzee Semkiwa, opereta wa simu mstaafu, mbishi, bahili, na kwenye bao aliwafunga wenye macho yao mawili. Alitembea kwa kushika bega la mpwa wake. Mpwa akiona mchezo wa mpira njiani, humwambia, "Mjomba, simama hapa kidogo." Mzee wa watu akasimama juani mpaka mpira uishe.

Wa tatu Hamduni, mpiga kinanda wa harusi, umri miaka thelathini, mdomo haupumziki. Kila harusi alimlipa mtu wa kumpeleka, na mtu huyo alikula nusu ya ujira, na pilau la Hamduni akala pia.

Basi wakasikia kuna programu ya simu kwa ajili ya watu kama wao. Unaitajia unakokwenda, nayo inakwambia: nenda hatua ishirini, pinda kulia, mbele yako kuna njia panda. Wakafurahi hao! Wakauliza bei, na furaha ikakata hapo hapo. Kuitumia mwaka mmoja tu ilitaka pesa ya kununua mabati kumi na mawili.

"Wenye macho ramani wanapewa bure," Hamduni alisema. "Anayeiona barabara anaonyeshwa bure, asiyeiona anauziwa. Akili hiyo kaitoa nani?"

"Wewe una kinanda, kapige umwimbie aliyepanga bei," Mzee Semkiwa akamjibu. Lakini usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akaja na bahasha.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo hesabu ya hadithi ilipo. Bahasha ile ilikuwa pesa ya bati. Paa la Mzee Semkiwa lilikuwa limeoza, alijinyima miaka minne ili alipaue upya kabla ya masika. Bahili yule, ambaye ukimwomba kiberiti anakuuliza njiti ngapi, aliitoa yote. Masika yalipokuja alilala katikati ya mabeseni, akihamisha kitanda kona hadi kona.

Pesa zikapatikana, simu je? Ya mzee ilikuwa ya kubonyeza. Ya Hamduni iliingia maji ya pilau, msiniulize vipi. Iliyofaa ni ya Bi Mwantumu, aliyoletewa na binti yake kutoka Muskati. Ila ilijaa. Ilijaa sauti za marehemu mumewe, Bwana Makame, aliyekuwa akimtumia salamu kutoka kila alikosafiri: anacheka, anakohoa, anamuuliza kama kala. Najua, mnataka kusema wangezihamisha. Fundi alijaribu, chache zikakubali, nyingi zikakataa. Bi Mwantumu akajifungia siku nzima akazisikiliza moja moja. Akatoka, akampa fundi simu, akasema, "Futa." Akalia barazani mbele ya watu, wala hakujificha.

Simu ikapatikana, lakini ramani ilikuwa tupu! Ilijua Barabara ya Kumi na Mbili inaanzia wapi na inaishia wapi. Haikujua mtaro ulioachwa wazi, wala lundo la mchanga la yule bwana anayejenga nyumba haiishi. Programu iliruhusu mtu kuweka alama zake mwenyewe kwa kusimama mahali na kuzisema. Nani ataziweka? Hamduni. Miezi mitatu alizunguka na fimbo mkono mmoja, simu mkono mwingine, barabara hadi barabara. "Hapa mtaro wazi, usijitie ushujaa." "Hapa mbwa wa Mama Chausiku, anabweka tu, pita." "Hapa kwa Mzee Semkiwa, usikope." Alama mia nne na zaidi. Na mtaro wa Barabara ya Kumi na Moja aliujua kwa kutumbukia ndani. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kikavunjika, kikaunga vibaya, hakikunjiki tena. Mpiga kinanda! Bendi kubwa ikamwacha, akabaki na harusi ndogo ndogo za vidole tisa.

Kwa hiyo, pesa za nani? Za Semkiwa. Simu ya nani? Ya Mwantumu. Miguu ya nani? Ya Hamduni. Semeni pamoja nami, msinune.

Narudi nyuma kidogo: siku ya kuifungua, kabla ya alama hata moja, programu iliwauliza jina la mtumiaji. Mzee akataka lake, kwa kuwa kalipa. Bi Mwantumu akataka lake, simu ni yake. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakaandikisha yote, mwanamke mbele kwa heshima: Mwantumu Semkiwa Hamduni. Wakaridhika, wakaitia chai moto tena.

Alama zilipokwisha, wakagawana. Asubuhi simu ya Mwantumu, mchana ya Semkiwa, jioni ya Hamduni. Wallahi mwaka ule Ngamiani palikuwa na raha! Bi Mwantumu alifika kwa wazazi maji hayajachemka, mpaka wakwe wakaanza kumwogopa. Mzee Semkiwa Ijumaa ya kwanza alikwenda msikitini peke yake. Akasimama mlangoni, akawaambia waliokuwa wakitawadha, "Nimekuja mwenyewe." Hakuna aliyemuuliza, lakini alirudia mara tatu. Hamduni naye akala pilau lake lote, akaongezwa. Na wasioona wengine waliokuwa na programu ile, wageni wa kupita, walizisikia alama za Hamduni wakacheka njiani wenyewe.

Mwaka hauna subira. Ikabaki siku moja programu ifungwe, na bei mpya ikatangazwa: mabati kumi na manane. Mzee alikuwa hana hata moja. Asubuhi wakakaa kwa Bi Mwantumu, wakitafuta la kufanya. Na Bi Mwantumu alikuwa ametoka kumkanda mzazi wake, siku ya kumi na tisa.

Asubuhi hiyo mlango ukagongwa.

"Hodi! Shikamooni. Mimi naitwa Tumsifu, nimetoka Dar es Salaam, kwenye kampuni ya ile programu ya njia. Namtafuta Bi Mwantumu Semkiwa Hamduni."

"Yupi kati yetu?" Hamduni akauliza.

"Bi Mwantumu. Binti wa Mzee Semkiwa, mjukuu wa Mzee Hamduni."

Mnaona walivyojifunga? Kampuni ilisoma jina kama sisi sote tunavyosoma majina: lako, la baba, la babu. Ikadhani ni mwanamke mmoja.

"Mimi nimzae huyu?" Mzee Semkiwa akaruka. "Ananizidi miaka miwili!"

"Mwanangu Semkiwa, punguza sauti mbele ya mgeni," Hamduni akasema. "Nawe mjukuu wangu Mwantumu, mletee dada chai."

Walicheka, na mgeni naye akacheka mpaka akakaa chini. Walipomweleza, yeye akaacha kucheka. Akasema kampuni imeona alama za Tanga, hakuna mji wenye alama kama zile, na imetoa zawadi kwa aliyeziweka na kuzitunza: programu bila malipo maisha yake yote.

"Alhamdulillahi!" Bi Mwantumu akapiga kigelegele. "Tutagawana kama kawaida."

"Hapana, mama. Samahani sana. Hii hufunguka kwa sauti ya mwenyewe. Kila baada ya muda inamsemesha, akijibu mtu mwingine inajifunga. Watu waliuza zawadi za namna hii, ndiyo maana."

"Basi tupeni tatu."

"Nimepewa moja. Nimewapigia ofisini sasa hivi mkinisikia, wamesema moja, mwenyewe mumchague nyinyi, na isajiliwe kabla sijaondoka saa nane. Nikiondoka nayo inapelekwa mji mwingine."

Hamduni akauliza lile lake la siku zote. "Dada Tumsifu, kwa nini wenye macho wapewe bure?"

Mgeni akajibu kwa unyonge, "Wao ni wengi, kaka, matangazo yanawalipia. Nyinyi ni wachache. Mimi sikupanga bei."

"Hatukulaumu wewe," Bi Mwantumu alisema. "Kunywa chai."

Sasa wakaanza, na nataka msikilize vizuri, kwa sababu nitawauliza.

Mzee Semkiwa alisema: "Mimi ndiye mwenye haki. Bila pesa zangu simu ile ingekuwa kioo tu, na sisi vioo tuna haja navyo gani? Nimelala na mabeseni masika mazima. Nina miaka sabini na moja. Mpwa wangu amehamia Korogwe, hata lile bega sina. Nisipopata mimi, msikitini sifiki tena kwa miguu yangu. Hamduni kijana, atajitafutia."

Bi Mwantumu alisema: "Mimi ndiye mwenye haki. Pesa zako, Semkiwa, zinaweza kurudi, na bati likapigwa. Makame wangu hatarudi kuniuliza kama nimekula. Nimemfuta mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na jueni, mimi siendi harusini wala kwenye bao. Nikichelewa mimi, anayeumia ni mzazi na mwanawe. Kesho siku ya ishirini, nani atanifikisha?"

Hamduni alisema, na safari hii bila mzaha: "Mimi ndiye mwenye haki. Zawadi imekuja kwa sababu ya alama, na alama nimeziweka mimi. Bati linanunuliwa. Sauti za mume, Bi Mwantumu, zipo chache zilizobaki, nazo unazisikiliza kila Alhamisi, nakusikia. Kidole changu kitatoka wapi? Ujira wangu ni wa vidole tisa, nikimlipa wa kunipeleka ninabaki na nini? Nanyi mnatembea juu ya kidole hicho kila siku."

"Usinitangazie Alhamisi zangu," Bi Mwantumu akasema.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini bado nataka."

"Na mimi bado nataka," alisema mzee. Wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Tumsifu akatoa wazo. "Basi apewe mmoja, naye awe anawapeleka wenzake." Watatu wakamkatalia kwa pamoja. Wamekaa maisha yao yote wakishika mabega ya watu, na raha ya mwaka ule ilikuwa kwenda bila kushika la mtu. Mzee akasema wapige kura. Kila mmoja akajipigia. Hamduni akasema wavute njiti, atakayepata fupi ndiye. Bi Mwantumu akakataa, hakumfuta mumewe kwa kamari. Akataka kuacha, akasema, "Basi chukueni nyinyi." Mara akakumbuka mzazi wake, akalirudisha neno lake hadharani. Na Mzee Semkiwa akataka kumwachia Hamduni, kwa huruma ya kidole, akafungua mdomo, akaufunga. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu.

Saa saba na nusu. Tumsifu akaiweka ile simu yao mezani katikati ya vikombe, akaibonyeza. Simu ikasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula: "Karibu. Baada ya mlio, sema jina lako kamili."

Mlio ukalia. Watu watatu wameinamia meza, kila mmoja ameshavuta pumzi yake, na kila mmoja anasikia pumzi za wenzake. Atakayesema ndiye.

Mimi nimenyamaza hapo, na nyinyi msinijie na habari za kugawana, mgeni ameshasema haiwezekani. Wala msiniambie waongeze pesa. Mabati ya mzee mmeshayasikia. Aliyetoa paa lake yupo. Aliyemfuta mumewe yupo. Aliyetoa kidole yupo. Wewe mwenye karanga, anza wewe: je, nani kati yao alistahili kusema jina lake?