Bibi Nungu na Sauti ya Mzee

Paukwa!

Pakawa!

Sahani?

Ya mchele!

Simu?

Ya mwenyewe!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeinamia simu, iweke chini kidogo. Hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, palikuwa na ajuza mmoja aliyeitwa Bibi Nungunungu. Jina lilikuwa refu, majirani wakalikata, wakamwita Bibi Nungu. Aliishi shimoni, chini ya mwamba, katika Bonde la Mawe. Aliishi peke yake. Mumewe, Mzee Nungu, alikwenda kuchimba mihogo ng'ambo ya mto, akarudi na homa, akalala, hakuamka tena.

Lakini Mzee alimwachia mkewe kitu. Alimwachia sauti.

Enzi za uhai wake, kila akirudi kutoka kuchimba, alijirekodi njiani akamtumia mkewe. Kwanza miiba ilitikisika, chaka-chaka-chaka! Kisha yeye mwenyewe: "Mama, niko njiani. Umekula?" Basi, hakuna zaidi. Maneno yale yale kila siku. Siku nyingine pumzi zimemwisha, siku nyingine anacheka, siku nyingine mvua inasikika nyuma yake.

Sauti zile zote zilikaa kwenye akaunti ya Bibi Nungu. Jua likianza kushuka, Bibi aliandika neno lake la siri, akafungua, akasikiliza moja tu. Chaka-chaka-chaka. "Umekula?" Naye akajibu, midomo inacheza, sauti haitoki. Akakaa kidogo, ndipo akainuka kupika.

Juu ya mwamba aliishi Mama Pimbi. Mwili kiganja, mdomo bonde zima! Akipiga kelele, vilima vitatu vinaitika. Na juu zaidi, kwenye tawi, alikaa Mramba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika. Huyu kazi hakuwa nayo, koo alikuwa nalo. Sauti yoyote aliyoisikia, aliiiga. Akitaka alilia kama kanga, akitaka alicheka kama fisi.

Asubuhi moja simu ya Bibi Nungu ikalia. Kriii! Kriii!

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje? Magoti yanasemaje na baridi hii?"

Bibi akafurahi. Nani siku hizi anauliza habari za magoti ya mtu?

"Yananiuma, lakini tunashukuru. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mhudumu wa Ofisi ya Mtandao, Bibi. Nina habari mbaya. Akaunti yako inafungwa leo. Kila kilichomo kitafutika."

Bibi akashtuka. "Hata sauti?"

"Hata sauti. Lakini mimi nitakusaidia, wewe ni kama bibi yangu. Sasa hivi utaletewa namba. Nisomee tu, kazi imekwisha. Ila fanya haraka!"

Tii! Namba zikaingia. Bibi akavaa miwani. Chini ya namba pameandikwa: Hii ni namba yako ya uthibitisho. Usimpe mtu yeyote.

"Mwanangu, hapa wanasema nisimpe mtu."

"Mtu ni wengine, Bibi. Mimi ni ofisi. Hebu msikilize jirani yako, yupo hapa nami."

Na kweli, ikatoka sauti ya Mama Pimbi, kali kama kawaida yake: "Bibi Nungu, mpe tu! Mimi nimempa zangu!"

Sasa afanye nini? Mtu amemwamkia vizuri, amemuuliza hali, jirani amemdhamini. Kumnyima mtu mwenye adabu kama huyo kulikuwa aibu kwa mzee aliyelelewa akaleleka. Bibi akasoma. Moja baada ya nyingine, akazimaliza zote.

Simu ikakatika.

Bibi akaandika neno lake la siri. Akaunti ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Neno lilikuwa limebadilishwa.

Jua likashuka. Hakuna chaka-chaka. Hakuna "Umekula?" Bibi Nungu akajikunja shimoni na kulia. Alilia kama aliyefiwa mara ya pili. Na juu ya uchungu ikapanda aibu. Akajisemea, wakijua watasema nimezeeka vibaya. Akavuta jiwe, akaziba mlango.

Huku nje simu za wanyama zikaita tii, tii, tii. Ujumbe umetoka kwa Bibi Nungu: Naumwa sana. Sitaki wageni. Niwekeeni chakula penye mkwaju mkavu. Haraka!

Nguchiro akapeleka karanga. Kanga akapeleka mtama. Wakaweka penye mkwaju, wakaondoka. Na juu ya mkwaju, nani alikuwa anameza mate? Mnamjua.

Mama Pimbi naye akaupata ujumbe. Akausoma, akafyonya. "Mgonjwa haulizwi uji! Tena uji wa mgonjwa uwekwe mtini, kwani anaumwa mti?" Akakoroga uji wa ulezi, akautia kibuyuni, akashuka nao mwenyewe.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, Bibi Nungu!"

Kimya.

"Hodi ya tatu hii, na siondoki!"

Jiwe likasogea. Bibi akatoa pua, macho yamevimba.

"Ugua pole, Bibi. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Mbona wewe ulinihimiza nimpe namba?"

"Mimi? Namba gani?"

Wakatazamana. Bibi akaeleza yote, akiinamisha kichwa, akingoja kuchekwa. Mama Pimbi, ambaye huchekea hata jani likianguka, hakucheka. Akamshika mkono.

"Bibi, wewe umeibiwa, hukuiba. Kwa nini ujifiche wewe, na mwizi atembee?"

Akapanda mwambani, akajaza kifua. "Si yeye! Si yeeeye! Bibi haumwi! Msipeleke kitu! Mnatapeliwaaa!" Vilima vitatu vikaitika. Kanga akarudi kuchukua mtama wake.

Kisha wawili wakashikana, wakaenda Ofisi ya Mtandao, ile ya kweli, kwa Bwana Korongo. Korongo akasikiliza, shingo imepinda.

"Ofisi haiombi namba ya uthibitisho, Bibi. Namba ile ni ufunguo wa mara moja. Uliyempa, umemfungulia mlango. Akaingia, akabadilisha kitasa. Kuingia kwenye akaunti ya mwenzio bila idhini ndiko tunakoita kudukua."

Kabla hajamaliza, simu ya ofisi ikalia. Korongo akaiweka wasikie wote.

"Korongo mwanangu," ikasema sauti ya Bibi Nungu, kabisa kabisa, hata ule mtetemo wake. "Kuna mtu anajifanya mimi. Mfungie, asiingie milele!"

Mama Pimbi mdomo wazi. Bibi amesimama mbele ya meza, na Bibi huyo huyo anazungumza simuni. Korongo akiamini wa simuni, sauti za Mzee zimekwenda.

Korongo akafikiri. "Sawa. Siku ya kufungua akaunti, Bibi aliweka swali la siri. Swali lenyewe ni hili: Mzee akiuliza 'Umekula', mimi hujibu nini?"

Sauti ya simuni ikacheka. "Rahisi hiyo! Hujibu, 'Nimekula, mume wangu!'"

Jibu la kweli Bibi Nungu hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Akashika ukingo wa meza, akasema polepole:

"Hujibu, 'Bado. Nakungoja.'"

Korongo akageuka ukutani, akajifuta jicho kwa ubawa. Kisha akamwambia wa simuni, "Bondeni anayeiga sauti za wote ni mmoja tu. Mramba, shuka mtini." Mramba akakata simu, prrr!

Akaunti ikarudishwa. Sauti za Mzee zilikuwa zote mle ndani. Mramba hakuzigusa, hakuona kama ni kitu cha kuiba. Korongo akamwekea Bibi kufuli la pili, akamwambia abadilishe neno la siri, na swali pia, kwa kuwa jibu lililosikika si siri tena. Bibi akaandika neno jipya huku amegeuka. Mama Pimbi akachungulia. Bibi akamsukuma kwa mwiba kidogo.

Na Mramba? Mpaka leo hupiga yowe mwituni kwa sauti za wenzake, na siku hizi wengi huinua kichwa kwanza waone ni nani anayeita.

Jioni ile Mama Pimbi hakupanda kwake. Wakagawana uji. Jua lilipoanza kushuka, Bibi akafungua akaunti.

Chaka-chaka-chaka. "Mama, niko njiani. Umekula?"

Bibi akautazama uji, akamtazama jirani. Mara hii midomo ikacheza na sauti ikatoka.

"Leo nimekula, mume wangu. Nimekula na jirani."

Mafunzo yake ni haya, watoto na wakubwa. Neno la siri ni mswaki, hauazimwi hata kwa nduguyo. Namba ya uthibitisho haisomewi mtu, hata akikuamkia mpaka magotini. Anayekuharakisha hakutakii heri. Kata simu, kamwone jirani kwa macho yako. Na ukitapeliwa, usijifungie. Sema.

Mnauliza neno la siri la Bibi Nungu lilikuwa lipi? Mimi silijui. Na ningelijua, nyinyi ndio ningewaambia?

Hadithi yangu imeishia hapo. Sauti ni ya Mzee, siri ni ya Bibi, uji uliobaki ni wenu.