Fremu ya Dirisha Malishoni

Wahenga hawakunena ovyo waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Walimaanisha kwamba adui, hata akiwa mdogo namna gani, hamwogopi aliye peke yake. Humwogopa aliye na wenzake. Wengi hudhani kwamba methali hii inawahusu wanadamu tu. Mama mmoja, mtunza malisho wa shamba la ng'ombe wa maziwa, aliuona ukweli wake katika nyasi.

Shamba lile lilikuwa la ushirika. Malisho yake karibu yote yalikuwa yamelimwa na kupandwa nyasi za aina moja, ndefu, zilizosimama sawasawa kama askari katika gwaride. Yalisalia malisho ya kilimani tu, ambayo mama huyo alikuwa ameyatunza kwa miaka kumi na tisa. Humo ukoka ulitambaa, kunde mwitu zilijisokota, na nyasi ndefu na fupi zilichangamana na majani mapana, ambayo mengine aliyapa majina yeye mwenyewe. Kila msimu alikusanya mbegu kwa mkono, akazichanganya na mchanga mkavu ili zisipeperuke, kisha akazirudisha ardhini palipoingia upara.

Ndipo lilipokuja gugu karoti. Liliingia na magurudumu ya trekta, lina majani kama ya karoti, maua meupe madogo, na uchungu wa shubiri. Ng'ombe waliolila walitoa maziwa machungu, na kiwanda kikayarudisha madebe kwa madebe. Meneja mpya, kijana msomi lakini mwepesi wa kukata shauri, alimtafuta mchawi akampata kilimani.

"Mama, magugu yote haya yanatoka kwako," alisema mbele ya wakamuaji. "Kule si malisho, ni kichaka. Kamati ya ushirika ikija kukagua, nitaomba idhini tulime, tupande nyasi moja kama kwingine."

"Kwingine ndiko yanakotoka maziwa machungu, mwanangu."

"Kamati itaamua."

Maneno yale yalimchoma mtunza malisho kama mkuki. Kazi ya miaka kumi na tisa ingefukiwa na jembe la trekta kwa asubuhi moja.

Dereva wa trekta hilo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Wenzake walimwita Rula, kwa kuwa hakuvumilia kitu kilichopinda. Hata soksi zake alizianika kwa mstari. Siku zote alimtania dada yake: "Dada, haya ni malisho au ni nywele za mtu aliyeamka sasa hivi?"

"Nywele nyingi ni kinga ya jua la utosi," dada alimjibu, huku akikitazama kichwa cha nduguye kilichong'aa kama sahani. "Wenye upara wanalijua hilo."

Hata hivyo, damu ni nzito kuliko maji. Rula hakutaka dada yake aaibike. Siku moja kabla ya ukaguzi, dada alipokwenda zizini, alichukua jembe la mkono akapalilia ukanda wa hatua thelathini kutoka langoni, akabakiza nyasi ndefu za aina moja tu. Dada aliporudi, alishika kiuno.

"Umefanya nini?"

"Nimekuchania, dada! Wageni wakiingia waanze na pasafi."

"Hukunichania. Umeninyoa!"

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tena mvua kubwa ilinyesha, mto ukachukua daraja, na kamati ikachelewa kwa majuma saba.

Walipofika, wakiongozwa na mwenyekiti, bibi mfugaji mwenye maneno machache, langoni palikuwa peupe pe! Ukanda wote ulikuwa umejaa gugu karoti lenye maua.

"Si niliwaambia?" meneja alisema.

Rula angeweza kunyamaza, lakini alivua kofia yake.

"Bibi, hapa nilipalilia mimi. Nilibakiza nyasi moja, kama zile za meneja. Kule ndani sikugusa."

Dada yake alichukua fremu ya dirisha kuukuu, ambayo kwa miaka yote alikuwa akiitupa nyasini na kuhesabu kilichomo ndani yake. Akamkabidhi mwenyekiti.

"Msiniamini mimi. Itupeni wenyewe, popote mtakapo."

Bibi aliitupa kwenye ukanda: mashina thelathini na moja ya gugu karoti. Aliitupa ndani ya malisho: hakuna hata shina moja. Aliitupa tena mbali zaidi. Likaonekana moja, la manjano, jembamba kama uzi.

"Mbegu hazikufika huku?" meneja aliuliza.

"Trekta lilipita kote, hata huku, likivuta maji ya ng'ombe," alijibu Rula.

"Zilifika," alisema dada yake. "Lakini mwenye mizizi mirefu anakunywa chini, mwenye mifupi anakunywa juu. Huyu anaamka na mvua ya kwanza, yule anangoja ya mwisho. Mgeni akija hakuti maji, hakuti jua, hakuti pa kukaa. Nyasi moja inakunywa mahali pamoja, tena kwa wakati mmoja; kilichobaki inamwachia mgeni. Hesabuni, ndani ya fremu mna aina kumi na nne."

Meneja alipiga magoti, suruali yake safi ikaingia tope. Alihesabu, akarudia. Alipoinua uso, hakuwa na kiburi tena.

"Ni kumi na tano, mama. Moja imejificha chini ya ukoka."

Kamati iliamua pale pale kwamba kilima kisiguswe, na malisho mengine yote yapandwe mbegu za mtunza malisho, kwa kuanzia na ule ukanda wa langoni.

"Nipande kwa mistari, dada?" Rula aliuliza.

"Nikiona mstari hata mmoja, nitakunyoa hizo nywele mbili zilizosalia!"

Wote waliangua kicheko. Mtunza malisho aliikung'uta fremu yake, akaitia begani, akatembea mbele ya kamati kichwa juu, akiwaonyesha kila jani kwa jina lake, kama mama anayewatambulisha wanawe kwa wageni. Wala hapakuwa na mtu shambani mle, tangu siku ile, aliyebisha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.