Kiapo Alichokikataa Lubaba

Siku ya pili ya Idi Kubwa, baada ya sala ya alfajiri, askari mmoja wa liwali alimtoa mwanamke majini, katika mto unaopita kati ya mji mmoja wa Iraki. Mwanamke alikuwa hai. Alimng'ata askari mkono, akapiga kelele aachwe, na jioni ile akafungiwa maristani, yaani hospitali ya wagonjwa wa akili.

Wapokezi wa habari za waja wema wanasimulia kwamba mwanamke huyo aliitwa Lubaba binti Ayashi. Alikuwa mjane na mfumaji wa nguo, mcha Mungu ambaye majirani walimjua kwa kufunga Jumatatu na Alhamisi. Binti yake wa pekee alikuwa amefariki kwa homa kabla ya Idi. Tangu maziko Lubaba hakulala, na alfajiri ile alimsikia marehemu akimwita kutoka mtoni. Akaenda alikoitwa.

Alikaa maristani miezi mitatu, hadi Mfungo Sita. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, kisha kwa jitihada za tabibu, akapona. Sauti ikanyamaza, usingizi ukarudi. Siku ya kutoka, msimamizi wa wakfu wa maristani alimzuia mlangoni, akamtaka alipe dirhamu tisini: chakula, dawa, ujira wa mlinzi na kodi ya pingu.

"Pingu nazo nilizikodi?" Lubaba aliuliza. "Mbona hamkuniuliza kama zinanikaa?"

"Wakfu huu uliwekwa kwa ajili ya maskini, bibi," alisema msimamizi. "Wewe una kitanda cha mfumi nyumbani. Mwenye chombo cha kufumia nguo si maskini."

Kitanda kile ndicho kilichomlisha tangu mumewe alipofariki. Bila hicho angebaki mikononi mwa watu. Kaka yake, Zurara, akalipeleka shauri kwa kadhi.

Mbele ya kadhi, Zurara hakuuzuia ulimi wake. "Ewe kadhi, dada yangu hakuomba kupelekwa maristani. Mtu akiburutwa karamuni, huja akalipishwa wali?"

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka.

"Mwenye akili timamu akifungwa bila ridhaa yake, amedhulumiwa," alisema, "na gharama ni juu ya aliyemkamata. Mgonjwa akifungwa akatibiwa, gharama hutoka katika mali yake. Lubaba, siku ile mtoni ulikuwa na akili zako? Ukiapa kwamba ulikuwa nazo, nitakipokea kiapo chako, na hutalipa kitu."

"Atalipa nani? Liwali?"

"Liwali hakuwapo mtoni. Aliyekukamata ni Ukba."

Askari Ukba alikuwa amesimama kando ya nguzo. Alama za meno zilionekana mkononi mwake. Alitazama chini.

Zurara akamwinamia dada yake. "Apa, dada. Neno moja tu. Yule ni askari, hakosi pa kuchukua."

"Niape kwamba nini?"

"Kwamba ulikwenda kuoga! Nani alikuwa ndani ya kichwa chako?"

"Mola wangu alikuwapo," alisema Lubaba. "Na mimi nilikuwapo."

Aliikumbuka sauti ile. Alikumbuka pia jinsi alivyoifurahia, na jinsi maji yalivyomfika kifuani bila yeye kuhisi baridi. Hakuna mtu mwingine aliyeyajua hayo. Angeweza kwenda nayo kaburini na kitanda chake kikabaki.

Akamgeukia kadhi. "Nilikuwa mgonjwa. Sikuwa na akili zangu. Mtu huyu hakunidhulumu."

Zurara akatoka nje bila kuaga. Kadhi akahukumu kwamba Lubaba alipe.

Kitanda kiliuzwa kwa bei anayopewa mtu mwenye shida. Wanunuzi walipokuja kukichukua, Ukba naye alifika, akasimama mlangoni.

"Bibi, nisamehe."

"Kwa kunitoa majini?"

"Kwa kunyamaza mbele ya kadhi."

"Ungesema nini?"

Ukba akaingia ndani. Akashika upande mmoja wa kitanda, akawasaidia wanunuzi kukitoa nje.

Lubaba alizipeleka dirhamu maristani mwenyewe. Msimamizi alipomaliza kuzihesabu, Lubaba alimwuliza, "Sasa sina kitanda. Je, mimi ni maskini?"

"Sasa ndiyo, bibi."

"Basi na mimi nina haki katika wakfu."

"Wakfu ni wa maskini walio wagonjwa," alisema msimamizi. "Ukiugua tena, tutakupokea bure."

Ndugu waumini, wapo wanaokimalizia kisa hiki kwa kusema kwamba alitokea tajiri, akakinunua kitanda na kumrudishia. Hatukuipata habari hiyo kwa njia ya kuaminika. Ukweli ulimgharimu Lubaba alichokuwa nacho, na hapa duniani hakuna aliyemfidia. Ujira wake uko kwa Mola wake, na tusiufanye ujira huo kuwa udhuru wa wale waliozipokea dirhamu. Lililothibiti ni hili: Lubaba binti Ayashi aliajiriwa kufuma katika kitanda cha mtu mwingine, na alikuwa bado akiifanya kazi hiyo alipofariki.