Usaili kwa Mzee Kiboko

Paukwa!

*Pakawa!*

Cheti?

*Kipo ukutani.*

Mwenye cheti?

*Yupo kitandani.*

Na mama yake?

*Jikoni, amechoka.*

Basi sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi.

Hapo kale, wanyama walipoanza kwenda vyuoni, palikuwa na Mama Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mwembamba, mkia mrefu, hatulii. Huyu alikuwa na watoto sita. Mkubwa wao, Mashavu, alimaliza chuo cha kilimo masika ya mwaka juzi na hadi leo hajapata kazi. Ghala la nyumbani lilikuwa limebaki vumbi na panzi wawili wakavu. Mvua ilikuwa mbali, na wadogo zake watano walikuwa wameanza kuyatazama magome ya miti kwa jicho la chakula.

Siku moja Mashavu akaja na habari. Mzee Kiboko wa mtoni anatafuta msimamizi wa shamba lake la mahindi, na yeye Mashavu ameitwa kwenye usaili keshokutwa, saa tatu asubuhi.

"Umejiandaaje?" mama akauliza.

"Usaili ni kujiamini tu, mama," Mashavu akajibu, amelala chali.

"Huyo Kiboko unamjua?"

"Ni mkubwa."

"Ukubwa wake hata Fuko anaujua, na Fuko haoni! Nimekuuliza, unamjua? Kabla yako nani alikuwa na kazi hiyo?"

"Sijui."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui, mama."

"Miaka mitatu ya chuo!"

"Hayo hayakuwemo kwenye mtihani."

Mama Nguchiro akashusha pumzi, fyuuu. Akajifunga kanga, akawachukua wale panzi wawili, akaenda mtoni mwenyewe, chapu chapu chapu.

Alianzia shambani. Mahindi yalikuwa yamekauka vizuri, yanangoja kuvunwa tu. Mtu mwingine angeyatazama mahindi, lakini mama huyu amelima maisha yake yote, akatazama matuta. Tuta la kwanza limenyooka kama kamba. La pili limepinda kama mkia wa kinyonga. La tatu limefumuliwa kutoka chini kwenda juu.

"Hapa hakulima mfanyakazi mmoja," akasema. "Kila tuta lina mkono wake."

Akamwendea Yangeyange, yule ndege mweupe anayekaa mgongoni kwa Kiboko na kuwapangia wageni saa ya kuja. Akampa panzi wa kwanza.

"Shoga, mfanyakazi wa shamba hili ni nani?"

"Mfanyakazi?" Yangeyange akacheka, kwi kwi kwi. "Mwaka wa nne huu nipo hapa, mfanyakazi sijamwona. Nawaona wasailiwa tu. Huyu anaambiwa aonyeshe anavyofyeka. Yule aonyeshe anavyolima. Mwingine aonyeshe anavyopanda. Wakimaliza wanaambiwa, 'Vizuri sana. Nenda nyumbani. Tutakuita.'"

"Na huwaita?"

"Shoga nawe!"

Mama Nguchiro akampa panzi wa pili.

"Na akikasirika, anakimbiza?"

"Asubuhi anakimbia kuliko wewe. Lakini jua likifika utosini hafiki hata pale kwenye kichuguu. Ngozi inamuwaka, anarudi majini mbio."

Mama Nguchiro akashukuru, akaenda kwa Nungunungu. Akamkuta ameketi mlangoni, miiba imechanwa vizuri.

"Mbona hutoki?"

"Siwezi, mama. Nangoja kuitwa na Mzee Kiboko. Wakija wasinikose."

"Unangoja tangu lini?"

"Tangu vuli."

Akaenda kwa Fuko. Fuko anangoja kuitwa. Akaenda kwa Kima. Kima hajapanda mti tangu masika, asije akachafua mikono, naye anangoja kuitwa. Mama Nguchiro akataka kulia, akaona bora akasirike. Akawakusanya wote watatu.

"Vyeti mnavyo?"

"Tunavyo, mama."

"Na akili mliziacha chuoni? Keshokutwa mje mtoni na matenga, mkae kichakani mpaka mwanangu awaite."

Akarudi nyumbani. Akaketi ndani ya karai kama Kiboko ndani ya maji, akavimbisha uso.

"Jieleze!"

"Naitwa Mashavu, nina miguu minne..."

"Toka, uingie tena. Udhaifu wako ni nini?"

"Sipendi kuamka asubuhi."

"Toka, uingie tena. Una swali lolote?"

"Sina."

"Toka! Usimwendee mtu kuomba kazi bila swali. Utamuuliza hivi." Akamnong'oneza.

Mashavu akatoka, akaingia. Akatoka, akaingia. Mara kumi na tisa. Wadogo zake wakayakariri majibu kabla yake.

Siku ikafika. Mashavu akasimama ukingoni, mkia umenyooka. Mama yake alijificha nyuma ya kichuguu, anajipepea kwa kanga. Maji yakatokota, blu blu blu, Kiboko akaibuka, bwaaf!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jieleze."

Mashavu akajieleza, hata miguu hakuitaja.

"Udhaifu wako?"

"Nikianza kazi, mzee, kusimama ni shida."

Kiboko akapiga mwayo kwa furaha, meno yote nje. "Safi. Sasa jaribio. Mahindi yale yamekauka. Nionyeshe unavyovuna na unavyobeba. Una swali?"

"Ninalo. Nibebe mpaka wapi?"

Kiboko akaduwaa. Miaka minne hakuna aliyemuuliza kitu. Kisha akacheka, kho kho kho. "Mpaka uchoke! Anayebeba mbali ndiye hodari."

"Na wenzangu wanaoitaka kazi hii, nao wajaribiwe?"

Kiboko akalitazama shamba, akalifikiria tumbo lake mwenyewe. "Waje wote! Waje na ndugu zao!"

Wakaja. Nungunungu akaja, Fuko akaja, Kima akaja, wadogo watano wa Mashavu wakaja. Kwachu! kwachu! wakavunja mahindi. Nungunungu akayachoma kwenye miiba kama mishikaki. Fuko akayatumbukiza shimoni, tumbu! tumbu! Kima akabeba tenga kichwani na tenga mkononi. Kiboko akatulia majini akijisemea, "Jioni hii shamba jeupe, na mimi nasema neno moja tu, tutakuita."

Jua likapanda. Saa tano. Saa sita. Msafara ukaondoka, puku puku puku. Ukafika kwenye ghala la Kiboko. Ukalipita.

"Nyie! Ghala ni hapo!"

"Bado hatujachoka, mzee!"

Wakafika kwenye kichuguu. Wakakipita.

"Nyie! Huko mnakwenda wapi?"

"Bado hatujachoka, mzee!"

Wakaanza kupanda kilima.

"Rudini! Nasema rudini!"

"Bado hatujachoka, mzee!"

Kiboko akapanda ukingoni, gudu gudu gudu, kwa hasira. Jua likamwangukia mgongoni. Hatua kumi, ngozi ikaanza kuuma. Hatua ishirini, ikaanza kuwaka. Akageuka, gudu gudu gudu, akajitupa majini, chubwiii! Akatoa kichwa, akalia kwa sauti kubwa:

"Mashavu! Mahindi yangu mtaniletea lini?"

Mashavu akasimama juu ya kilima na tenga lake kichwani. Jibu hili mama yake hakumfundisha.

"Vizuri sana, mzee! Nenda nyumbani! Tutakuita!"

Wakagawana. Kila aliyefyeka alipata, kila aliyelima alipata, kila aliyepanda alipata. Ghala la Mama Nguchiro likajaa mpaka mlango ukagoma kufungwa, na wale wadogo watano wakaachana na magome ya miti.

Mashavu akatua tenga lake katikati ya mlango, akajinyoosha chali.

"Mama, sasa uzoefu ninao. Napumzika mpaka masika."

Mama Nguchiro akalitazama tenga. Akamtazama Mashavu.

"Toka," akasema. "Uingie tena."

Na Mzee Kiboko? Tangu siku ile, mchana kutwa yumo majini, mwili wote umezama, ametoa masikio tu. Yanachezacheza. Anasikiliza kama ameitwa.

Ngano yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, mimi nimezoea.

Na funzo lake ni hili, wanangu: ukiitwa kwenye usaili, usimchunguze mwajiri, ni utovu wa adabu. Usiulize swali. Fanya kila unachoambiwa, kisha rudi nyumbani ukakae mlangoni kwa subira. Wakisema watakuita, watakuita.

Haya, aliye kitandani aamshwe. Usaili wake ni saa tatu.