Tai wa Sadirbai

Tegeni masikio, nami nimtaje Mungu kwanza nisije nikatia chumvi. Katika milima ya Wakirgizi alikuwako Sadirbai, mwindaji wa mbweha kwa tai jike. Desturi yao, tai akitimiza miaka kumi mkononi mwa mtu huachiwa aende akatage. Lakini Sadirbai alishikwa na tamaa ya ngozi za mbweha.

Mwaka wa kumi akaja jini wa mlima, bibi mwenye nywele za theluji. "Mwachie tai huyo, ni binti yangu."

"Bibi, anaumwa."

Mwaka uliofuata akarudi. "Mwachie!"

"Bibi, na baridi hii?"

Mwaka wa tatu: "Sadirbai, mwanangu yuko wapi?"

"Wallahi, bibi, amekufa."

Bibi akaangua kilio, akaenda zake.

Kile kiapo kikamkaa Sadirbai kooni, hata swala ikamshinda. Akapanda kileleni, akamvua tai kofia iliyomziba macho, akamrusha. Tai akazunguka mara tatu, akarudi kutua mkononi mwake.

"Nenda kwa mama yako!"

Tai akasema kama mtu: "Nitaendaje, baba? Mama keshamaliza matanga yangu."

Ngano imefika. Nami nimewahi kuapa hivyo, niombeeni.