Silinda Yenye Sauti

Wapo watu ambao ukiwapa kizuri watakuuliza kizuri zaidi kiko wapi. Hao ndio walioambiwa kwamba mchagua nazi hupata koroma, yaani anayepekua sana mwishowe huondoka na nazi changa isiyofaa hata kukunwa. Pantaleo aliijua methali hii vizuri, maana kabla ya kununua baiskeli yake ya injini aliuza nazi Kariakoo miaka sita. Tatizo lake ni kwamba aliamini inawahusu wengine.

Ijumaa moja silinda ya injini hiyo ilipasuka. Baiskeli ndiyo iliyompa ugali: kila asubuhi alipeleka ndoo ya supu ya Mama Swaumu kwa wapakuzi wa bandarini. Mama Swaumu hakumung'unya maneno.

"Jumatatu saa nne supu isipofika, kazi nampa mwingine. Wale wakiwa na njaa hawana utani!"

Kesho yake Pantaleo akaenda kwa mzee Azzan, muuza vipuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Silinda yako hii hapa, imebaki moja tu."

Ilikuwa nyeusi, haina mvuto, lakini matundu yake manne yalilingana sawasawa na boliti za injini. Pantaleo akaitikisa sikioni, kisha akaipiga ukucha.

"Haina sauti hii."

"We Pantaleo! Hiyo silinda, si nazi!"

"Mzee, mikono hii haijawahi kununua koroma."

Nyuma yake alisimama Leticia, msambaza vitumbua mwenye baiskeli kama yake, mikono kiunoni. "Kaka, kama huichukui nipishe. Vitumbua vyangu vinapoa."

"Chukua, dada. Mimi natafuta silinda, sitafuti kopo."

Akazunguka maduka mpaka adhana ya alasiri. Hii nyepesi, ile fupi, nyingine eti imenuna. Mwishowe, kwenye turubai la mmachinga mmoja, akaona silinda kubwa inayong'aa. Akaipiga ukucha. Ngiii!

"Mwenyewe huyu!" akashangilia. Ilitoka kwenye mashine gani? Hata muuzaji hakujua.

Fundi Haruna alipoipima alicheka mpaka akafuta machozi. "Pistoni itaingia, lakini matundu yamekaa mbali na boliti zako."

"Yapanue."

"Tundu hupanuliwa, bwana, halirudishwi."

"Fundi, piga tupa!"

Jumapili nzima Haruna alipiga tupa huku akiguna. Matundu yakawa mapana hata boliti zikacheza ndani yake. Akabana nati kwa nguvu zake zote, akanawa mikono na kusema yeye hayumo.

Jumatatu injini iliwaka kwa kishindo. Pale Mnazi Mmoja watu walisogea pembeni wakidhani msafara wa mkubwa unapita, na Pantaleo, masikini, akawapungia mkono. Kabla hajaushusha, nati zikalegea, silinda ikateleza, ikaruka pwaa! Injini ikazima, baiskeli ikayumba, na nusu ya supu ikaingia viatuni. Jamani, aliruka ngoma ambayo hajawahi kufundishwa!

Ilikuwa saa nne kasorobo. Akajaribu kukanyaga pedali, mnyororo nao ukagoma. Hapo ndipo alipompigia simu Mama Swaumu, akamweleza ukweli. Haikupita muda Leticia akafika, injini yake ikinguruma taratibu, silinda nyeusi ikiwa imetulia mahali pake.

"Mama Swaumu, mteja wangu wa vitumbua, kanituma. Pole, kaka. Lete ndoo."

Pantaleo akampa. Supu iliyobaki ilifika bandarini saa nne kamili, na tangu siku hiyo ndoo ile haikurudi tena kwake.

Akabaki ameketi ukingoni mwa barabara, soksi zikinukia pilipili manga. Akaiokota silinda yake, akaipiga ukucha. Ngiii!

"Sauti unayo," akaiambia kwa uchungu, "lakini koroma ni koroma."

Naam, aliyeuza nazi miaka sita alipata koroma lake la chuma: mchagua nazi hupata koroma.